Basenji na Daftari Lililofungwa

Katika msitu wa Ituri, Wambuti wanapotandaza nyavu zao za kuwindia, mbwa anayeingia kichakani kuwakurupua wanyama hufungwa kengele ya mbao shingoni. Kengele hiyo si pambo. Mbwa mwenyewe habweki, na mtu aliyejibanza nyuma ya wavu hana njia nyingine ya kujua mbwa amefika wapi na mnyama anatokea upande gani. Ni mbwa mdogo, kimo chake begani kama sentimita 40, masikio yamesimama, paji la uso lina makunyanzi na mkia umejikunja juu ya mgongo. Dunia nzima inamwita basenji. Kwa msomaji wa Kiswahili jina hilo halihitaji mkalimani, maana ni ndugu wa neno letu "washenzi", ila limevaa kiambishi cha Kilingala, ba-, mahali pa wa- yetu. Waliojiona wastaarabu waliwaita hivyo watu wa porini, na mbwa wa watu hao wakarithi dharau ileile.

Nimemchagua basenji awe shahidi wa swali pana zaidi: mtu anayezalisha mbwa wa kuwinda ana wajibu gani kwa afya ya watoto watakaozaliwa, na vipimo vya maabara vinamsaidia vipi? Mengi husemwa kuhusu jambo hili kwa labrada na kwa mbwa wengine wa Ulaya, lakini ni aina chache sana ambazo kisa chao kiko wazi hivi, tangu kosa la kwanza hadi sahihisho lake. Na jibu ninalolipata kwa basenji haliwafurahishi wafugaji wote. Kipimo kipo ili kitusaidie kumchagulia mbwa mwenzake. Anayekigeuza kuwa ungo wa kutupia makapi huondoa ugonjwa mmoja na kuukaribisha wa pili.

Safari ya basenji kwenda Ulaya ilianza na misiba. Jozi iliyoonyeshwa Crufts, maonyesho makubwa ya mbwa ya Uingereza, mwaka 1895 ilikufa muda mfupi baadaye kwa distempa, ugonjwa wa kuambukiza wa mbwa. Mwaka 1923 Lady Helen Nutting alileta sita kutoka Sudan, nao wakafa baada ya kudungwa chanjo ya distempa, ambayo enzi hizo ilikuwa bado changa. Ni mwaka 1937 tu, Olivia Burn alipowapeleka mbwa wake Crufts na watu wakajazana kuwatazama, ndipo aina hiyo ilipoanza kushika mizizi. Marekani nako walifika wachache wachache. Wawili waliofika mwaka 1941 waliitwa Kindu na Kasenyi, majina ya miji ya mashariki mwa Kongo ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni, na meli iliyowaleta ilikuwa imebeba pia sokwe wakubwa, gorila. Mwaka 1943 American Kennel Club, chama kinachotunza daftari la ukoo wa mbwa nchini humo, kiliitambua aina hiyo rasmi.

Hapo ndipo mlango ulipofungwa. Daftari la ukoo lina sheria moja nyepesi kueleza: mbwa ni wa aina fulani iwapo baba na mama yake wameandikwa humo. Sheria hiyo ina faida, kwa sababu mnunuzi anajua anachonunua. Lakini kwa basenji maana yake ilikuwa kwamba maelfu ya mbwa waliofuata, miaka nenda miaka rudi, walitokana na mbwa wachache mno waliokuwa wamenusurika distempa, safari ya meli na bahati mbaya. Mwaka 1959 Veronica Tudor-Williams, mfugaji wa Kiingereza, alisafiri hadi kusini mwa Sudan na kurudi na jike mmoja, Fula, ambaye damu yake iliingia katika koo nyingi mno za Ulaya na Marekani. Alikuwa tone moja kwenye mtungi. Na mbwa aliyezaliwa Uele, kaskazini mashariki mwa Kongo, akiwinda kila siku na kengele yake shingoni, kwa mujibu wa daftari hakuwa basenji.

Gharama ya hesabu hiyo ilionekana kwanza katika damu. Wafugaji waliona watoto wa mbwa waliokuwa wakichoka upesi, ufizi mweupe, wakifa wakiwa bado vijana. Ilikuwa anemia ya kurithi: chembe nyekundu za damu zinakosa kimeng'enya kiitwacho pairuveti kinasi, zinakosa nguvu, zinapasuka kabla ya wakati wake. Ugonjwa huu unarithiwa kwa njia ya kujificha. Mbwa akipokea jeni mbovu kutoka kwa mzazi mmoja tu, haugui, bali anaibeba na kuirithisha. Akiipokea kutoka kwa wote wawili, anaugua. Ukipandisha wabebaji wawili, kwa wastani robo ya watoto huugua, nusu huwa wabebaji na robo huzaliwa safi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kilipatikana kipimo cha damu kilichoweza kumtambua mbebaji kwa kiwango cha kimeng'enya chake. Wafugaji walikipokea kwa bidii ambayo hata leo inastahili heshima. Waliwapima mbwa wao, na waliobainika kuwa wabebaji waliondolewa katika uzao kwa wingi. Baada ya miaka michache ugonjwa ulikuwa karibu umetoweka. Kama kisa kingeishia hapo, wangeimbiwa sifa.

Lakini mbwa si jeni moja. Kila mbebaji aliyeondolewa aliondoka na maelfu ya jeni nyingine zilizokuwa nzima kabisa, na mtungi uliokuwa mdogo tangu mwanzo ukapungua tena. Waliobaki walizidi kuwa ndugu. Katikati ya miaka hiyohiyo ya 1970, madaktari wa mifugo wakaanza kuandika habari za basenji waliokunywa maji bila kutosheka, wakakojoa mfululizo na kukonda huku wakila vizuri. Mkojo wao ulikuwa na sukari. Daktari asiyewajua mbwa hawa alidhani ni kisukari, na hilo lilikuwa kosa la hatari: sukari katika damu ilikuwa ya kawaida, na kumdunga insulini mbwa wa namna hiyo ni kuhatarisha uhai wake. Tatizo lilikuwa kwenye figo. Mirija midogo inayopaswa kuirudisha mwilini sukari, chumvi na vijenzi vya protini ilikuwa imeshindwa kazi, na vitu vyema vikamwagika pamoja na uchafu. Ndio ugonjwa wa Fanconi.

Siwezi kusema kwamba vita dhidi ya anemia ndivyo vilivyoleta Fanconi. Jeni yake ilikuwemo tayari. Ninachosema ni kwamba unapopunguza idadi ya wazazi kwa haraka, jeni zilizojificha kwa waliobaki hupata nafasi ya kukutana, na hakuna ajuaye mapema ni ipi itakayojitokeza.

Fanconi ilikuja na ukatili wake wa pekee, nao ni umri. Kwa kawaida dalili huanza mbwa akiwa na miaka 4 hadi 8. Jike wa basenji hupata joto mara moja tu kwa mwaka, tofauti na mbwa wengi wanaopata mara mbili, kwa hiyo mfugaji hana muda wa kupoteza. Humpandisha akiwa na miaka miwili, mitatu, minne. Hadi siku anapoona bakuli la maji linakauka kila saa, ameshauza watoto wa mizao mitatu, na baadhi yao wameshazaa. Macho ya mfugaji mwaminifu hayakuweza kuuona ugonjwa kwa wakati. Walichofanya wafugaji makini ni kumpima kila mbwa mkojo kwa vijiti vya kupimia sukari, mara moja kila mwezi, tangu akiwa na miaka mitatu. Mmarekani mmoja, Steve Gonto, aliandaa utaratibu wa tiba unaorudishia mwili kile unachopoteza, hasa bikaboneti, na mbwa wengi waliofuatwa mapema kwa njia hiyo wameishi miaka mingi. Hiyo ni rehema kwa mbwa mgonjwa. Kwa mbwa ambaye hajazaliwa haikusaidia kitu.

Sasa naomba msomaji anivumilie kwa hesabu kidogo, maana uamuzi wote umejificha humo. Makadirio yaliyokuwa yakitajwa Amerika Kaskazini yalisema basenji mmoja kati ya kumi, au zaidi, angeugua Fanconi. Kwa kanuni ya kawaida ya urithi, ukiwa na mgonjwa mmoja kati ya kumi, wabebaji ni zaidi ya wanne kati ya kumi. Jumlisha hao na wagonjwa: zaidi ya nusu ya mbwa wote wana jeni hiyo. Mfugaji anayesema "mimi sitaki mbebaji kwenye banda langu", na wenzake wakimfuata, ametupa zaidi ya nusu ya damu iliyobaki ya aina iliyoanza na mbwa wachache. Na hakuna sababu ya kufanya hivyo. Mbebaji akipandishwa na mbwa safi, hakuna mtoto hata mmoja atakayeugua. Nusu watakuwa wabebaji, nusu safi, na katika kizazi kijacho mfugaji anaweza kumchagua mmoja wa wale safi huku akiwa amehifadhi yote mazuri ya mzazi: pua yake, mbio zake, utulivu wake.

Kwa miaka mingi hesabu hiyo ilibaki ya karatasini kwa kuwa hakuna aliyeweza kumtambua mbebaji. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Missouri, katika maabara ya Gary Johnson, kilitoa kipimo cha vinasaba kilichotazama alama zilizo jirani na jeni, si jeni yenyewe. Kiliweza kukosea, na kiliwapa baadhi ya mbwa jibu lisiloeleweka. Wapo waliokikataa kwa sababu hiyo wakasubiri. Naona walikosea. Kipimo chenye kasoro inayojulikana, kikitumiwa na mtu anayeijua kasoro yake, kinaokoa watoto wa mbwa leo. Kinachosubiriwa hakimwokoi yeyote. Mwaka 2011 jeni yenyewe ikapatikana, FAN1, iliyopungukiwa na kipande, na kipimo kikawa cha moja kwa moja: usufi unasuguliwa ndani ya shavu la mbwa, unatumwa maabara, jibu linarudi kuwa safi, mbebaji au mgonjwa. Mtoto wa wiki chache anaweza kupimwa.

Kabla vipimo hivyo havijapatikana lilitokea jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko kipimo chochote. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Kimarekani, miongoni mwao Jon Curby, Michael Work na Damara Bolté, walikwenda kaskazini mashariki mwa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, nchi ya Wazande, wakarudi na mbwa wa vijijini. Waliwapa jina la ukoo Avongara, kwa heshima ya ukoo wa kitawala wa Wazande. Mbwa hao hawakuwa na cheti wala babu aliyeandikwa popote. Walikuwa na ushahidi wa namna nyingine: mama yao aliwinda, baba yao aliwinda, na asiyeweza kuwinda hakulishwa. Mwaka 1990 American Kennel Club ikafungua daftari na kuwaandika. Pamoja nao iliingia rangi ya michirizi kama ya chui milia, ambayo wengi nje ya Afrika hawakuwahi kuiona kwa basenji. Daftari likafunguliwa tena baadaye kwa mbwa wengine kutoka Afrika.

Tafakari maana yake. Chama kilichojengwa juu ya imani kwamba damu safi ni damu iliyofungiwa kilikiri kwa kalamu yake kwamba dawa iko nje ya uzio, kwa mbwa wale walioitwa washenzi.

Kisa cha pili cha Afrika kinaonyesha upande mwingine wa kosa. Rijibaki, mbwa mkubwa wa kusini mwa Afrika aliyetumiwa kumzuia simba mpaka mwindaji afike na bunduki, alipata sifa zake Rhodesia ya zamani, na vipimo vya umbo lake viliandikwa Bulawayo mwaka 1922. Anatambulikana kwa ukanda wa manyoya mgongoni unaolala kinyume na manyoya mengine, alama aliyoirithi kwa mbwa wa Wakhoikhoi. Mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba ukanda huo unatokana na kurudiwa kwa kipande cha vinasaba, na kwamba kipande hichohicho huongeza hatari ya tundu la kuzaliwa nalo kwenye ngozi ya mgongo, linaloweza kuzama hadi karibu na uti na kuoza. Mbwa mwenye nakala moja ana ukanda na hatari yake ni ndogo. Mwenye nakala mbili ana ukanda pia, lakini hatari yake ni kubwa zaidi. Asiye na nakala hana ukanda, na mgongo wake hauna shida.

Kwa hiyo mfugaji anayetaka kila mtoto azaliwe na ukanda hana budi kuwapandisha wenye nakala mbili, na papo hapo anazalisha matundu. Anayetaka migongo mizima lazima akubali kwamba baadhi ya watoto watazaliwa bila ukanda. Kwa miongo mingi wafugaji walichagua la kwanza, na watoto wasio na ukanda, mbwa wazima wa afya, waliuawa wakiwa wachanga. Filamu ya BBC ya mwaka 2008, Pedigree Dogs Exposed, iliwaonyesha Waingereza jambo hilo wakashtuka, na mwaka uliofuata Kennel Club ya huko ikaacha kuandikisha watoto wa baba na binti, mama na mwana, au kaka na dada wa tumbo moja. Simba hajawahi kutazama kama mbwa aliye mbele yake ana ukanda. Alama iliyokuwa utambulisho wa kazi iligeuka kuwa kazi yenyewe, na hapo ndipo ninapoona mzizi wa ugonjwa mwingi wa mbwa wa kuwinda: wanachaguliwa na watu wasiowinda.

Si kila kasoro inapimika kwa usufi wa shavuni. Ulegevu wa nyonga, unaowatesa labrada na mbwa wengine wakubwa, unatokana na jeni nyingi pamoja na lishe na mazoezi ya utotoni. Shirika la Kimarekani la OFA, lililoanzishwa mwaka 1966, husoma picha za eksirei na kutoa daraja la kudumu mbwa akitimiza miezi 24. Picha nzuri ya mbwa mmoja haitoshi. Uliza na za ndugu zake wa tumbo moja, maana jeni alizozificha yeye huenda zimejitokeza kwao. Kwa labrada wa kuwinda kuna pia jeni inayowafanya waanguke miguu ikiwa imelegea baada ya mbio kali za robo saa, na hiyo imepimika tangu mwaka 2008. Wajerumani nao wameongeza sharti ninalolipenda: Deutsch-Drahthaar haruhusiwi kuzaa mpaka amefaulu mitihani ya kuwinda, amekaguliwa umbo na nyonga zake zimepigwa picha. Kazi na afya zinapimwa kwa pamoja.

Katika yote haya, dume mmoja anayetafutwa na kila mtu ndiye hatari isiyosemwa sana. Akishinda mashindano, majike wa nchi nzima wanaletwa kwake. Anaweza kuwa safi kwa kila kipimo kilichopo leo, na bado akabeba jeni ambayo kipimo chake hakijavumbuliwa. Baada ya vizazi viwili wajukuu wake wanapandishana bila wenye mbwa kujua. Anayemiliki dume wa namna hiyo na akakataa ada ya kumpandisha mara ya hamsini amefanya zaidi kwa aina yake kuliko aliyelipia vipimo kumi.

Huku kwetu, anayenunua mtoto wa rijibaki Nairobi au Arusha mara nyingi huonyeshwa picha ya simu na cheti cha baba. Aombe kumwona mama, aguse migongo ya watoto wote kwa vidole kutafuta uzi mgumu chini ya ngozi, dalili ya lile tundu, aulize eksirei za nyonga za wazazi wote wawili. Muuzaji anayekasirishwa na maswali hayo aachwe na mbwa wake.

Lakini mawazo yangu hurudi Uele na Ituri. Damu iliyofungua daftari la Marekani bado iko kule, kwa mbwa wanaolala karibu na moto wa mabwana zao, na haiko salama. Vita vimepita mara nyingi katika nchi hiyo. Distempa iliyoua jozi ya 1895 haijaisha nguvu: mwaka 1994 ilitoka kwa mbwa wa vijijini, ikaingia Serengeti na kuua simba wapatao 1,000, karibu theluthi moja ya wote. Baada ya hapo mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi hiyo wakaanza kuchanjwa kwa maelfu, kijiji kwa kijiji, chini ya miti na kwenye viwanja vya shule. Jambo hilo linawezekana Tanzania, kwa hiyo linawezekana Kongo.

Vyama vya basenji vya Marekani na Ulaya, ambavyo wanachama wake wanafuga mbwa wenye damu ya Avongara, vina deni kwa vijiji ilikotoka. Nawaomba wafugaji wao walilipe kwa chanjo ya distempa na ya kichaa cha mbwa, wakishirikiana na madaktari wa mifugo wa Kongo na kwa ridhaa ya Wazande na Wambuti wenyewe, kabla ya kufunga safari nyingine ya kwenda kuchukua mbwa.